Dawa za mifupa dhaifu: ipi ni ipi, na ipi inamfaa mtu wa kisiwani?



Leo naomba tuongelee dawa za ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu, ule ambao kitaalamu unaitwa osteoporosisi. Najua wengi mnaosoma hapa mna miaka ishirini na kitu na mifupa yenu bado iko poa. Lakini hebu jiulize, nyumbani kwenu nani anajua kuingia kwenye intaneti? Ni wewe. Bibi akiteleza uani akavunjika nyonga, au mama akaanza kupinda mgongo, wewe ndiye utakayepewa kikaratasi cha daktari uambiwe "hebu katazame huko kwenye kompyuta yenu hii ni dawa gani". Ukitafuta unakutana na kurasa mia za Kiingereza, kila moja inaisifia dawa yake, na dakika zako za kafe zinakwisha hujaelewa kitu.

Mimi sio daktari, kwa hiyo hapa simwandikii mtu dawa. Kazi yangu ni kuzipanga hizo dawa mezani ili ukienda kwa daktari ujue cha kuuliza.

Na niseme mapema msimamo wangu. Watu wakilinganisha dawa huwa wanauliza ipi ina nguvu zaidi. Kwa mtu wa Jibondo, Chole au Bweni hilo sio swali la kwanza. Swali la kwanza ni dawa hiyo inataka safari ngapi, na siku ukiikosa kinatokea nini. Kuna dawa ukiikosa mwezi mmoja hakuna neno, na kuna nyingine ukiikosa hivyo hivyo uti wa mgongo unaweza kuvunjika. Kwenye boksi zote zimeandikwa ni za mifupa.

KWANZA, UGONJWA WENYEWE

Mfupa sio jiwe. Ni kama jahazi linalokarabatiwa kila siku pale Jibondo: kuna mafundi wanaotoa mbao zilizochoka na kuna wanaopachika mpya. Ukiwa kijana wapachikaji wanafanya kazi kuliko wang'oaji. Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya estrojeni inashuka na wale wang'oaji wanapata uhuru. Mwanaume naye inamfika, ila polepole na uzeeni zaidi. Miaka inapita, jahazi kwa nje linaonekana zima, kumbe ndani limebaki jepesi.

Ubaya wake ni kwamba hauumi. Mtu hajui chochote mpaka avunjike, na sehemu zinazovunjika zaidi ni tatu: nyonga, pingili za uti wa mgongo, na mkono karibu na kiganja. Kile kibiongo cha wazee wetu mara nyingi ni pingili zilizobonyea moja baada ya nyingine bila hata mtu kuanguka. Kwa hiyo mzee mwenye mgongo uliopinda ghafla na maumivu, tafadhali msimkande wala kumpanda mgongoni na mafuta ya nazi kabla hajapigwa picha.

Halafu tusichanganye mambo. Magoti yanayolia kah kah, yale tunayosema "yamelika" au "yamekwisha mafuta", ni ugonjwa mwingine wa viungo. Dawa ninazozieleza hapa hazitibu magoti.

Kipimo cha uhakika kinaitwa DXA, ni mashine ya eksirei inayopima uzito wa madini kwenye mfupa. Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 liliweka mstari: alama ya -2.5 au chini yake ndio osteoporosisi. Hiki sio kipimo cha hospitali ya wilaya, kwa hiyo kwa sisi ni kuvuka maji. Lakini hapa wengi hawajui jambo moja: mzee aliyeanguka kutoka kimo chake tu, yaani alikuwa amesimama akaanguka, akavunjika nyonga au pingili, huo mvunjiko wenyewe ni ushahidi. Daktari anaweza kuanza tiba bila kungoja mashine.

Kuna watu wanasema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli wanawake weusi wa Marekani wanavunjika nyonga kwa kiwango cha chini kuliko weupe, na ni kweli majaribio mengi ya dawa hizi yalifanyika kwa wanawake wazee wa Ulaya na Marekani. Lakini kiwango cha chini sio sifuri. Zamani wengi walikuwa wanafariki kabla mifupa haijachoka. Sasa wazee wanaishi, na wanaoishi muda mrefu wanavunjika.

FAMILIA YA KWANZA: BISFOSFONETI

Hizi ndizo zinazotumika zaidi duniani na ndizo za bei nafuu. Zinaganda kwenye mfupa na kuwapunguza kasi wale wang'oaji. Ukiona jina la dawa kwenye boksi linaishia na dronate, ujue ni watu wa familia hii.

Mkubwa wao ni alendroneti, iliyotoka Marekani mwaka 1995 kwa jina la Fosamax. Tangu 2008 kule Marekani viwanda vingine viliruhusiwa kuitengeneza, bei ikaporomoka. Ni kidonge cha miligramu 70 mara MOJA KWA WIKI. Kwenye jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1996, kwa wanawake ambao tayari walikuwa na pingili iliyovunjika, ilipunguza mivunjiko ya pingili kwa asilimia 47 na ya nyonga kwa asilimia 51. Sio haba kwa kidonge cha mara moja kwa wiki.

Tatizo ni masharti yake. Unaimeza asubuhi kabla ya kula kitu chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, halafu unakaa wima au kusimama nusu saa. Hulali, huli, hunywi kitu kingine. Si chai, si maziwa, si dafu. Sababu ni mbili. Kwanza, hata ukifuata yote mwili unachukua chini ya asilimia 1 ya kidonge, na ukichanganya na chakula au kalsiamu huchukui hata hiyo. Pili, kidonge kikikwama kooni kinachoma njia ya chakula kama moto. Mzee mwenye matatizo ya kumeza, au asiyeweza kukaa wima nusu saa, hii sio dawa yake. Na maji ya kisima yenye chokaa nyingi, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, yana kalsiamu pia, kwa hiyo ni bora kidonge kimezwe kwa maji ya mvua au ya chupa yasiyo na madini mengi.

Swali la Ramadhani linakuja palepale, na kwa Mafia haliwezi kukwepeka. Kidonge kinataka tumbo tupu na maji, na mchana huwezi kumeza. Kwa kuwa ni mara moja tu kwa wiki, hilo linapangika, ila lipangwe na daktari au mfamasia kabla mwezi haujaandama. Kumeza tu wakati wa daku katikati ya wali na maharage ni sawa na kuitupa baharini.

Ndugu zake ni risedroneti, miligramu 35 kwa wiki, na ibandroneti, miligramu 150 mara moja kwa mwezi. Hiyo ya mwezi inavutia, lakini ushahidi wake mzuri uko kwenye uti wa mgongo, kwenye nyonga haujathibitika kama wa wenzake. Mimi nikipewa hizo tatu nichague, ningebaki na ya wiki.

SASA ILE YA MARA MOJA KWA MWAKA

Asidi ya zoledroniki ni ya familia hiyohiyo, ila haimezwi. Inatundikwa kwa dripu, miligramu 5, kwa dakika zisizopungua 15, MARA MOJA KWA MWAKA. Jina la biashara ni Aclasta, Marekani wanaiita Reclast. Tumbo haliguswi, hakuna habari ya kukaa wima nusu saa, na hakuna cha kusahau kila Jumatatu.

Jaribio la 2007 lilionyesha inapunguza mivunjiko ya pingili kwa asilimia 70 na ya nyonga kwa asilimia 41 ndani ya miaka mitatu. Mwaka huohuo likatoka jaribio jingine la wazee waliokuwa wamevunjika nyonga na kupewa dripu ndani ya siku 90 baada ya upasuaji. Sio tu kwamba walivunjika tena kwa kiwango cha chini, hata vifo vilipungua kwa asilimia 28. Kwa dawa ya mifupa kupunguza vifo, hilo sio jambo la kawaida.

Kuna utafiti mpya zaidi wa New Zealand, uliochapishwa mwanzoni mwa 2025. Wanawake 1,054 wa miaka 50 hadi 60, ambao walikuwa bado hawajafikia ile -2.5, waligawanywa. Kundi moja lilipata dripu mbili tu ndani ya miaka kumi, moja mwanzoni na nyingine baada ya miaka mitano. Mivunjiko ya pingili ikapungua kwa asilimia 44 ukilinganisha na waliopewa dripu isiyo na dawa. Wadau, dripu mbili ndani ya miaka kumi! Nikisoma hivyo naona kabisa watafiti wamemfikiria mtu wa kisiwani, ingawa najua hawakumfikiria.

Masharti yapo. Lazima figo zipimwe kwanza kwa kipimo cha damu cha kreatinini, kwa sababu figo zikiwa dhaifu sana dawa hii haitolewi. Lazima mgonjwa awe na kalsiamu na vitamini D ya kutosha, la sivyo kalsiamu ya damu inashuka. Na awe amekunywa maji.

Halafu kuna jambo la kuwaambia watu wa nyumbani mapema. Karibu mtu 1 kati ya 3 wanaochomwa mara ya kwanza hupata homa, baridi na maumivu ya viungo ndani ya siku tatu. Huku kwetu hapohapo watasema malaria, na wengine watasema "dripu ya mjini imemdhuru". Mara nyingi ni dawa yenyewe, paracetamol inatuliza na inapita. Malaria ipimwe pia, kipimo chake ni dakika chache, hatukisii. Dripu ya pili na ya tatu huwa hazileti usumbufu kama wa kwanza.

Angalizo dogo kwenye duka la dawa: dawa hiihii ipo pia kwa kipimo cha miligramu 4. Hiyo ni ya wagonjwa wa saratani iliyofika kwenye mifupa na ratiba yake ni nyingine kabisa. Msinunue kwa kufananisha jina.

Madhara mawili ya familia nzima hii yanaogopwa sana mitandaoni. Moja ni mfupa wa taya kufa, hasa baada ya kung'oa jino. Jingine ni paja kuvunjika kwa namna ya ajabu baada ya kutumia dawa miaka mingi. Yote ni kweli, na yote ni nadra. La taya kwa wagonjwa wa osteoporosisi linakadiriwa mtu 1 kati ya 10,000 mpaka 1 kati ya 100,000 kwa mwaka. Ndiyo maana meno mabovu hung'olewa KABLA ya kuanza dawa, na ndiyo maana maumivu ya paja au kinena kwa mtu anayetumia dawa hizi yasipuuzwe. Pia ndiyo sababu madaktari huangalia upya baada ya miaka 5 ya vidonge au miaka 3 ya dripu, na wasio kwenye hatari kubwa hupumzishwa. Wanapumzika kwa usalama kwa sababu dawa imeganda kwenye mfupa na inaendelea kufanya kazi. Shikilia neno hilo, maana inayofuata ni kinyume chake.

SINDANO YA MIEZI SITA

Denosumabu, jina la biashara Prolia, iliruhusiwa Marekani mwaka 2010. Ni sindano ya chini ya ngozi, miligramu 60 kila miezi 6. Kwa matokeo ni kali: jaribio la 2009 lilionyesha asilimia 68 pungufu kwa pingili na asilimia 40 kwa nyonga. Haisumbui tumbo, na inaweza kutolewa hata kwa mtu ambaye figo zake hazifai kwa dripu. Ila hapo kwenye figo kuna onyo: Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake zito kabisa kwa wagonjwa wenye figo zilizofika hatua za mwisho, hasa wanaosafishwa damu, kwamba kalsiamu inaweza kushuka mpaka kuhatarisha maisha.

Ukisoma matangazo utasema hii ndiyo yenyewe. Mimi nasema tusimame kidogo.

Dawa hii haigandi kwenye mfupa. Miezi sita ikipita inakwisha mwilini, na wale wang'oaji waliokuwa wamefungwa wanatoka kwa hasira. Ndani ya mwaka mmoja au miwili faida karibu yote inaondoka, na kuna wagonjwa wamevunjika pingili mbili, tatu, zaidi, kwa mpigo, baada tu ya kuacha. Kwa hiyo sindano hii haiachwi hivihivi. Ikibidi kuacha, lazima ufuatishe dawa ya familia ya kwanza. Na kuchelewa kusizidi mwezi mmoja kutoka tarehe yake.

Sasa leta hilo Mafia. Sindano inakaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, na ikitolewa nje ina siku zake chache, tena mahali pasipozidi nyuzi 25, jambo ambalo kwetu ni la kuota. Maana yake lazima iletwe kwenye kasha la barafu au mgonjwa aifuate Dar es Salaam kila miezi sita, maisha yake yote au mpaka abadilishiwe. Kusi likivuma kila mtu anajua boti za Nyamisati zinavyokuwa. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika hapa kisiwani, hakuna aliyekuwa anafikiria tarehe ya sindano. Siku chache sio tatizo, nisiwatishe. Tatizo ni pale safari inapoahirishwa kwa upepo, halafu kwa nauli, halafu kwa msiba, mwisho ni miezi mitatu. Hilo sisi tunalijua vizuri kuliko aliyeandika kikaratasi cha ndani ya boksi.

Kwa hiyo daktari akimwandikia bibi yako hii, muulize kwa adabu kabisa: "Shikamoo daktari, tunaishi Mafia, tukikosa sindano ya pili tufanyeje?" Kama jibu halipo, kuna haja ya kuongea zaidi kabla ya sindano ya kwanza. Wiki hii nimeona watu wanafurahia kwamba viwanda vingine navyo vinatengeneza dawa hii na bei itashuka. Ni kweli, vya kwanza vilikubaliwa Marekani mwaka 2024. Lakini bei kushuka hakubadilishi kalenda.

ZINAZOJENGA

Zote hapo juu zinazuia kubomoa. Kuna chache ambazo kweli zinajenga mfupa mpya. Teriparataidi, kwa jina la Forteo, ipo tangu 2002. Ni sindano ya kila siku, mikrogramu 20, mgonjwa anajidunga mwenyewe kwa kalamu kama ya insulini, kwa muda usiozidi miaka miwili. Kwenye jaribio la 2001 ilipunguza mivunjiko ya pingili kwa asilimia 65. Romosozumabu, yaani Evenity, ilikubaliwa Marekani 2019, ni ya kila mwezi kwa miezi 12 tu. Ilipopambanishwa na alendroneti kwenye jaribio la 2017, kwa miaka miwili walioanza nayo walikuwa na asilimia 48 pungufu ya mivunjiko ya pingili. Ila matatizo ya moyo na kiharusi yalikuwa zaidi upande wake, kwa hiyo aliyepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya mwaka mmoja haipewi.

Hizi ni za watu waliokwisha kuvunjika sana, ni ghali mno, zinataka friji, na zikiisha lazima zifuatwe na dawa ya kuzuia, la sivyo umejenga nyumba bila paa. Kwa sasa kwa mwananchi wa kawaida wa hapa ni za kusoma tu.

ZA HOMONI, NA ZILIZOPITWA NA WAKATI

Estrojeni yenyewe inalinda mfupa. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002 ulionyesha nyonga zinavunjika kwa asilimia 34 pungufu, lakini saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda viliongezeka. Leo inawafaa zaidi wanawake waliokoma hedhi karibuni na wanaosumbuliwa na joto la ghafla, sio bibi wa miaka 75. Raloksifeni, Evista, kidonge cha kila siku, inasaidia pingili na inapunguza baadhi ya saratani za matiti, lakini nyonga haijaonyesha kuilinda, na damu kuganda ipo palepale.

Kalsitonini ya kupuliza puani, mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisema mwaka 2012 isitumike tena kwa ugonjwa huu kwa sababu ya saratani. Stronti ranelati iliwekewa mipaka Ulaya kwa sababu ya moyo, na mtengenezaji wake aliacha kuiuza mwaka 2017. Nazitaja kwa sababu ndugu walioko nje wakati mwingine wanatuma mabaki ya kabatini. Ukiziona, ziache.

Iliyo karibu zaidi na sisi Watanzania ni floraidi. Wazungu walikuwa wanaiona inaongeza mfupa wakafikiri ni dawa. Mwaka 1990 likachapishwa jaribio la wanawake 202 kule Marekani: miaka minne ya floraidi iliongeza uzito wa mfupa wa mgongo kwa asilimia 35, lakini pingili hazikuacha kuvunjika, na mifupa mingine ilivunjika zaidi. Wangekuja Ngurdoto na Maji ya Chai kule Arusha wangeona mapema. Kule maji yana floraidi nyingi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ya Shirika la Afya Duniani, na watoto wamekua na meno ya kahawia na miguu iliyopinda. Mfupa kuwa mzito sio lazima uwe imara. Mtu akikuletea dawa akisema "inaongeza uzito wa mifupa", muulize imepunguza kuvunjika kwa kiasi gani.

NA KALSIAMU ZA KOPO?

Hapa najua nitagusa shangazi za watu. Zile kalsiamu za unga na vidonge zinazouzwa kwa mtindo wa kuungana, uingize watu chini yako, sio dawa ya osteoporosisi. Ni tofali bila fundi. Utafiti wa 2006 wa wanawake 36,282 waliogawanywa, nusu wakipewa kalsiamu na vitamini D, haukuonyesha nyonga kuvunjika kwa kiwango cha chini kinachohesabika, ila mawe ya figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Na 2022, watu 25,871 kwa utafiti wa vitamini D peke yake, hakuna tofauti ya mivunjiko. Anayetumia dawa za juu anahitaji kalsiamu ya kutosha, kama miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku kutoka kwenye chakula na nyongeza kwa pamoja, na hapo vidonge vya kawaida vya duka la dawa vinatosha kujazia. Dagaa wetu wanaoliwa na mifupa yake ni kalsiamu tupu. Kwa mzee anayekaa ndani mchana kutwa, jua la asubuhi kwenye mikono na miguu, hata uani penye faragha, lina maana yake kwa vitamini D.

Kwa nyie vijana kuna dawa zinazobomoa. Prednisolone na dexamethasone zinazouzwa kienyeji "za kunenepesha" zinakula mfupa kwa kasi, achana nazo (kama umetumia muda mrefu usikate ghafla, nenda hospitali). Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu inapunguza mfupa kidogo na mfupa hurudi ukiacha. ARV zenye tenofovir nazo zinapunguza kidogo, ila USIACHE ARV kwa sababu ya hilo, muulize daktari wako tu.

UKITAKA KUIPATA

Kwenye duka la dawa muhimu la kijijini usitegemee kuzikuta. Hizi ni za famasi kubwa na za cheti. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, kwa sera yetu anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, lakini kutibiwa bure na dawa kuwepo dirishani ni vitu viwili. Mwenye bima aulize kabla ya kusafiri kama dawa aliyoandikiwa imo kwenye orodha yao.

Wengi wetu tunakutana na dawa hizi kwa mlango mmoja tu: mzee amevunjika nyonga, amepelekwa hospitali ya wilaya Kilindoni, akapewa rufaa mpaka Taasisi ya Tiba ya Mifupa MOI pale Muhimbili. Anafanyiwa upasuaji, anawekewa chuma, familia inashukuru Mungu na kufunga mizigo. Chuma kimetibu mvunjiko. Ugonjwa uliosababisha mvunjiko haujaguswa, na nyonga ya pili ipo. Kumbuka zile siku 90 za dripu. Kawaida hungojwa kama wiki mbili baada ya upasuaji, figo zinapimwa, vitamini D inatangulizwa. Kwa hiyo swali la "je, apewe dawa ya mifupa, na ni ipi?" liulizwe wodini, mkiwa bado Dar, kabla karatasi ya ruhusa haijasainiwa. Mkishapanda boti Nyamisati, hiyo ni safari nyingine na nauli nyingine.